Ukumbusho: Picha, Usemi na Majeraha ya Nafsi nchini Kongo

Tangu Oktoba 2014 raia wengi wa Beni na vijiji vyake wameuawa, na walionusurika wengi wamekimbilia Butembo. Je, sanaa yaweza kuubeba msiba kama huu bila kuyatonesha majeraha? Swali hili si geni katika historia ya Kiswahili cha Kongo. Jibu mojawapo lilitolewa Lubumbashi, mji ulio mbali nasi kwa masafa lakini karibu kwa lugha.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wafanyakazi wa mji huo walinunua picha iliyojulikana kama "Colonie belge", wakaitundika sebuleni: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa, Mbelgiji anatazama. Kwa nini mtu ayaweke mateso mbele ya wageni wake? Wenyewe waliiita picha hiyo ukumbusho. Neno hili latokana na "kumbusha", kauli ya kusababisha. Si kumbukumbu iliyolala moyoni mwa mtu mmoja, bali ni kitu kinachomfanya mwingine akumbuke, na akikumbuka, aseme. Wakati wa Mobutu, kuitaja fimbo ya jana kulikuwa pia njia ya kuitaja fimbo ya leo.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliipanua kazi hiyo. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Alichora mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mwaka 1941, kabla yeye hajazaliwa: jeraha la kurithi. Katika picha ya kifo cha Lumumba cha 1961 aliweka misalaba mitatu kwa nyuma. Marehemu ambaye wakati huo hakuwa na kaburi akapata pahali pa kuliliwa.

Fabian alipochapisha kitabu chake mwaka 1996, aliziweka picha pamoja na maneno ya mchoraji. Hapo ndipo penye funzo kwetu. Picha ya maiti inayosambazwa katika simu haina msemaji wala msikilizaji, hutonesha tu. Ukumbusho huhitaji wote wawili. Basi anayekusanya michoro na nyimbo za walionusurika Beni hana budi kuyaandika pia maneno yao, kwa Kinande au kwa Kiswahili chao, bila kuyasanifisha, na kukiheshimu kimya cha asiyetaka kusema.