Kamera Ikishaondoka, Kinabaki Nini? Kutoka Hengdian hadi Mikocheni

Siku moja nilikuwa nikimsindikiza mhadhiri mwenzangu kutoka China, tukapita Mikocheni. Nilimwonyesha kwa fahari majengo ya vyombo vya habari vilivyojikusanya eneo hilo, ITV na Clouds vikiwemo. Nikamweleza kwamba nyumba nyingi za kifahari zinazoonekana katika filamu zetu ni nyumba za kuishi watu, za Mikocheni na Mbezi Beach, zinazokodiwa kwa siku chache kisha hurudishiwa wenyewe. Akaniambia: “Basi nipeleke mahali filamu zenu zinapotengenezwa, nipaone.”

Sikuwa na pa kumpeleka. Mahali palipokuja akilini mwangu ni makaburi ya Kinondoni, alikozikwa Steven Kanumba mwezi Aprili 2012, baada ya umati mkubwa kumuaga katika viwanja vya Leaders. Nchi yenye waigizaji wanaojulikana mpaka Kongo na Burundi haina mahali pa kumwonyesha mgeni kazi yao, isipokuwa kaburi.

Kwa mgeni wangu swali lile lilikuwa la kawaida kabisa. Kwetu lilikuwa geni, na ugeni huo una historia yake.

Tuanze kwao. Hengdian ni mji mdogo wa Dongyang, katika jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China. Wakazi wake walikuwa wakulima maskini. Mwaka 1975 mwenyeji mmoja, Xu Wenrong, aliongoza uanzishwaji wa kiwanda cha hariri, na kutoka hapo likakua kundi kubwa la viwanda. Mwaka 1996 mwongozaji Xie Jin alikuwa akitafuta mahali pa kujenga upya mitaa ya Guangzhou ya karne ya 19 kwa ajili ya filamu yake kuhusu Vita vya Afyuni, iliyokusudiwa kutoka mwaka 1997, mwaka Hong Kong iliporejeshwa China. Xu akajitolea kumjengea. Kwa miezi michache mitaa ikasimama. Filamu ikapigwa, wasanii wakaondoka, majengo yakabaki.

Hapo ndipo historia ya Hengdian inapoachana na yetu. Baada ya Guangzhou likajengwa kasri la wafalme wa Qin kwa ajili ya filamu ya Chen Kaige. Kasri hilohilo likatumiwa tena na Zhang Yimou katika “Hero” ya mwaka 2002. Likafuata jengo la kuigiza Kasri la Kifalme la Beijing. Mwaka 2000 wenye mji wakachukua uamuzi ulioonekana wa kichaa: watengeneza filamu wasitozwe kodi ya kutumia mandhari hayo. Lakini hesabu yao ilikuwa ya watu wazima. Kikosi cha filamu hulala hotelini, hula, hukodi mavazi, farasi na taa, na huajiri mafundi. Na kila tamthilia inayorushwa hewani ni tangazo la mji, humvuta mtalii alipe kiingilio ili atembee pale alipotembea mfalme wa kwenye runinga. Leo Hengdian hupokea mamilioni ya watalii kwa mwaka, na wanakijiji wake wamewahi kuwa askari, watumwa na mawaziri wa kila enzi.

Mfano wa pili unagusa zaidi. Huko Ningxia, kaskazini-magharibi, kulikuwa na magofu ya ngome za udongo jangwani. Mwandishi Zhang Xianliang, aliyepoteza takriban miongo miwili katika kambi za kazi ngumu na vifungo, aliyaona magofu hayo na kuwaelekeza watu wa filamu. Zhang Yimou alipiga hapo sehemu ya “Red Sorghum”, iliyotoka mwaka 1987. Mwaka 1993 Zhang Xianliang akapafanya kituo cha filamu na utalii. Hakujenga kasri, aliuza ukiwa uleule uliokuwa umeachwa na kila mtu.

Nisieleweke kwamba naimba sifa tu. Miji mingi ya China iliyoiga Hengdian iliishia na majumba matupu. Historia inayouzwa katika vituo hivyo ni ile inayoruhusiwa na dola. Na kasri la saruji linaweza kumfanya kijana asahau kwamba kasri la kweli lilijengwa kwa jasho la watu.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatukuchelewa kukutana na kamera. Tanganyika ikiwa ukingoni mwa uhuru, Howard Hawks alimleta John Wayne kupiga “Hatari!”, filamu ya wakamata wanyama iliyotoka mwaka 1962. Ilipigwa maeneo ya Arusha, Momela ikiwemo. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momela akanunua shamba akaishi. Mpaka leo iko hoteli pale inayoitwa Hatari, na mgeni hulipa fedha nzuri kulala katika kumbukumbu ya filamu hiyo. Kwa hiyo kituo cha filamu kama kivutio cha utalii tulikuwa nacho kabla ya Hengdian, ila filamu haikuwa yetu, na faida kubwa ya kumbukumbu yake haikuwa yetu.

Baada ya uhuru dola ilijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katika miaka ya 1970 ikatoka “Fimbo ya Mnyonge”, filamu ya siasa ya ujamaa. Mwaka 1985 ikaja “Arusi ya Mariamu”. Kisha uchumi ukayumba, kampuni ikafa. Wimbi la filamu za video la miaka ya 2000 lilizaliwa bila mzazi: sebule za kukodi, kamera ya kuazima, kanda na sidii za Kariakoo. Vijana wale walijenga soko bila ardhi hata ya kusimamisha ukuta mmoja wa mbao.

Siku hizi dola imerudi mbele ya kamera. “The Royal Tour” ilizinduliwa New York mwezi Aprili 2022, Rais Samia akiwa mwongoza watalii. Mwezi Mei 2024 ikazinduliwa Beijing “Amazing Tanzania”, Rais akiwa pamoja na mwigizaji Jin Dong, katika mwaka wa 60 wa uhusiano wetu na China. Watalii wameongezeka, mwaka 2023 walizidi milioni 1.8. Sipuuzi hilo. Lakini filamu hizo zinaendeleza desturi ya “Hatari!”: nchi ni mandhari, tembo na theluji ya Kilimanjaro ndio waigizaji, na kikosi kikiondoka hakiachi karakana wala stadi mikononi mwa fundi.

Wizara na halmashauri zetu hupenda kujifunza kutoka China kwa kutazama majengo. Naomba watazame hesabu ya mwaka 2000. Hengdian iliondoa kikwazo kwa msanii kwanza, ndipo ikavuna kwa mtalii. Sisi kwa kawaida tunaanza na kibali, ada na leseni, halafu tunashangaa mavuno hayaji. Mafundi tunao: seremala wa Keko, Temeke, wanaweza kujenga Kilwa ya karne ya 14 ndani ya ghala moja lililoachwa, mafundi cherehani wa Kariakoo wanaweza kuvisha jeshi la Kinjeketile. Tunachokosa ni kipande cha ardhi ya umma ambacho msanii hatafukuzwa, na uamuzi kwamba kilichojengwa kwa ajili ya filamu kisibomolewe bali kitunzwe kwa jina la walioigiza humo.

Mwanafunzi anayesoma haya aanze na jambo dogo: aorodheshe nyumba na mitaa ya Kinondoni iliyotumika katika filamu tunazozikumbuka, kabla hazijabomolewa kupisha maghorofa. Mtumishi wa halmashauri aulize ni ghala gani la umma limelala bila kazi. Mgeni wangu ameahidi kurudi, na makaburini sitampeleka tena.