Land Rover ya Baba na Chuma cha Warongo

Kwa muda wa miaka miwili familia yetu ilikuwa na ugomvi. Haukuwa ugomvi wa shamba wala wa ng'ombe, kama wengi watakavyodhani wakisikia kwetu ni Shinyanga. Tuligombania kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja.

Chuma hicho kimo kwenye Land Rover ya Baba. Ni ile ndefu, 109, ya miaka ya 1960. Utaitambua kwa taa zake za mbele: zimebanana katikati, karibu na pua, kabla hazijahamishiwa pembeni mwishoni mwa miaka hiyo. Baba aliinunua mnadani mwaka 1975, ikiwa imekwisha kutumikishwa hadi kuchoka. Mvua za El Nino za mwaka 1998 zikaikuta kwenye mbuga ya udongo mweusi, ikazama, mashine ikafa. Ng'ombe wakaivuta hadi nyumbani, na hapo ikakaa chini ya mkwaju miaka ishirini na mitano. Kuku walitaga humo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara tatu na mizani yao, na mara zote Baba aliwajibu kwamba gari lake haliuzwi kwa kilo.

Mwaka 2023 mdogo wangu, ambaye ni fundi, na mwanangu wa kwanza wakaamua kuifufua. Mimi nilipewa kazi ya kushika taa na kutoa fedha.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba bodi ilikuwa nzima kabisa. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilipoionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimekwisha karibuni, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi ni chuma, na ndani yake mlikuwa na tope la mbuga lililokaa kama saruji, likivuta unyevu kila masika. Kwa nje chesisi ilionekana imara. Mdogo wangu akaigonga kwa nyundo, nyundo ikaingia. Miezi sita ilipita tukikata na kuchomelea.

Tulipokwangua rangi nyeupe tulikuta bluu, na chini ya bluu kijani. Baba alipoiona kijani ile akanyamaza kidogo, halafu akaanza kusimulia mambo ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuyasikia. Utotoni mwake Usukuma, sauti ya Land Rover ilimaanisha Serikali. Ilileta mtu wa kodi, au mtu wa kuhesabu ng'ombe ili wapunguzwe, au mtu wa kukagua matuta. Ndiyo miaka ambayo TANU ilipigwa marufuku Usukuma, kuanzia 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi, wakaenda hadi Mwanza kulalamika, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. "Tulikuwa tukisikia mlio wake mbali," alisema Baba, "ng'ombe tunawapeleka porini." Mwanangu akamuuliza, sasa babu, kwa nini ukainunua? Mzee akacheka. Akasema alitaka siku moja ije nyumbani kwake bila kumdai kitu.

Sasa tufike kwenye chuma chetu. Aliyekuwa na Land Rover hapa nchini alitazamia vipuri kutoka Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Katikati yake vikaja vita vya Kagera, magari mengi ya raia yakachukuliwa kusaidia jeshi, na baada ya vita hazina ilikuwa tupu. Wenye umri wanakumbuka: tairi kwa kibali, petroli kwa foleni, na Jumapili saa nane mchana gari binafsi liwe limelala. Katika hali hiyo, mwaka 1981, kile chuma kinachoishika ncha ya springi ya nyuma kwenye chesisi kilikatika, Baba akiwa njiani kwenda Geita.

Hakuna duka lililokuwa nacho. Wenyeji wakampeleka kwa mzee mmoja wa Kirongo. Labda vijana wa mjini hawajui Warongo ni akina nani. Ni wahunzi wa Uzinza, upande huo wa Geita, watu walioyeyusha chuma kwa udongo wa kwao na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma na Unyamwezi, kabla Mjerumani hajaota dhahabu yao. Mzee yule hakuwahi kutengeneza kipuri cha gari. Akakitazama kilichokatika, akachukua kipande cha springi ya lori bovu, akavukuta moto, akafua mchana kutwa. Malipo yalikuwa debe la mtama na kanga mbili. Chuma hicho kikabeba pamba, kikabeba wagonjwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kikabeba wachimbaji wadogo kwenda Nyarugusu na Rwamagasa, watu ishirini na magunia yao juu ya gari moja.

Mwanangu alitaka kitupwe. Alikuwa ameagiza kipya, kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akasema gari liwe kama lilivyotoka kiwandani ndipo litakuwa na thamani. Simlaumu. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa Land Rover ya namna hiyo, na Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lao. Lakini mimi nilisimama upande wa Baba. Kiwanda kiliimiliki gari hii kwa wiki chache tu. Miaka iliyobaki ilikuwa ya kwetu, na mzee yule wa Kirongo aliifanyia kazi ambayo kiwanda kisingeweza kuifanya mwaka 1981. Vitabu vya historia vinamtaja Williamson na almasi yake ya Mwadui. Mhunzi huyu hana hata mstari. Chuma kikabaki, na kile kipya kimo ndani ya mfuko wake, chini ya kiti.

Julai 2025 tukaenda Geita, mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, Baba kiti cha mbele. Safari hii hatukusubiri kivuko. Tulipita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni. Mzee yule tuliambiwa alikwisha fariki zamani. Tulimkuta mwanawe, naye mzee sasa, anafua mapanga. Baba akamweleza. Yule bwana akaingia chini ya gari, akakigonga kile chuma kwa kifundo cha kidole, akakaa humo kitambo. Alipotoka akajifuta mikono.

"Kaka," akamwambia Baba, "ni kazi ya mzee kweli. Lakini tundu la juu limepanuka. Fungueni niwatilie bushi, mlale hapa leo."