Bibi wa Mifupa na Ugomvi wa Siku ya Wafu nchini Meksiko

Tarehe 29 Oktoba 2026 yatimia miaka 10 tangu mji mkuu wa Meksiko ulipofanya kwa mara ya kwanza yale maandamano makubwa ya Siku ya Wafu ambayo wageni wengi, na hata baadhi ya vijana wa mji wenyewe, huyadhani kuwa ni urithi wa mababu, ilhali yametoka katika filamu. Mwaka 2015 watengenezaji wa filamu ya James Bond iitwayo Spectre walipanga, katika mitaa ya kale ya mji ule, msafara wa mabupuru na viunzi vya mifupa ambao haukuwahi kuwapo. Na filamu ilipokwisha kuenea ulimwenguni, wakuu wa utalii wakatambua kwamba wageni watafunga safari kuja kuutazama, nao wakaona afadhali wautie uhai. Mwaka uliofuata umati wa watu ulijipanga kandokando ya barabara ya Paseo de la Reforma hata uwanja wa Zócalo, na mchezo wa sinema ukawa ada ya mji.

Wapo waliokasirika, na hasira yao naifahamu. Lakini mtu akiisoma tarikh ya sikukuu hii kama alivyoieleza mwanazuoni wa Kimarekani Stanley Brandes katika kitabu chake cha mwaka 2006, ambacho ndicho tegemeo langu kubwa katika makala haya, ataona kwamba Siku ya Wafu haikupata kukaa muda mrefu bila ya kukopa. Wengi huinasibisha moja kwa moja na Waazteki, waliokuwa na miezi yao ya kuwakumbuka wafu kabla Wahispania hawajauteka mji wao mwaka 1521. Brandes ashikilia kuwa tarehe zake, sala zake, hata mikate na peremende zake, zina deni kubwa zaidi kwa Ukatoliki uliovuka bahari, yaani Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na Marehemu Wote tarehe 2, siku ambayo Odilo, mkuu wa watawa wa Cluny huko Ufaransa, aliiweka karibu na mwaka 1000. Sikukuu hizo hizo ndizo zilizokutana huko Ireland na Samhain, siku ya Wakelti ya kufunga mavuno, ikatokea Halloween. Na wahamiaji waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 wakaichukua hadi Marekani, ambako maboga yalishika mahali pa ile mizizi ya shambani waliyozoea kuitoboa macho na mdomo. Hivyo Halloween na Siku ya Wafu ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali.

Nyumbani, mbali na makelele ya Reforma, meza huandaliwa picha ya marehemu, chakula alichokipenda katika uhai wake, maji, chumvi, mishumaa, na maua ya manjano ya cempasúchil ambayo hutawanywa tangu mlangoni ili roho isipotee njia. Na hufukizwa kopali, utomvu unaofanana na sandarusi ambayo wazee wetu wa Mrima waliichimba wakaipeleka Unguja kuuzwa ng'ambo. Kisha watu huenda makaburini, wakayafagia, wakayapamba, wakakesha.

Lakini yule bibi wa mifupa mwenye kofia pana ya manyoya, ambaye leo hupakwa katika nyuso za wasichana toka Meksiko hata Ulaya, hakutoka makaburini wala kanisani. Alitoka katika karakana ya mchapaji. Alichorwa na José Guadalupe Posada, mzaliwa wa Aguascalientes wa mwaka 1852, aliyekuwa akichonga picha za karatasi za bei rahisi kwa matbaa ya Antonio Vanegas Arroyo, na makusudio yake yalikuwa kuwakemea wanawake wenye asili ya wenyeji waliojitia Uzungu na kuona haya nasaba yao. Posada alifariki Januari 1913 katika ufukara, akazikwa katika makaburi ya Dolores mahali pa watu wasio na kitu, na muda wa kaburi ulipokwisha pasitokee wa kumdai, mifupa yake ikatolewa ikatupwa pamoja na ya wengine. Jina lake lingalipotea kabisa lau si mchoraji Jean Charlot, mzaliwa wa Ufaransa, aliyezitafuta kazi zake katika miaka ya 1920.

Mwaka 1947 mchoraji Diego Rivera, akipamba ukuta wa Hotel del Prado kwa picha ya urefu wa mita zipatazo 15, alimpa bibi yule mwili mzima, akamwita Catrina, akamshikisha mkono Posada upande mmoja, na upande wa pili akajichora mwenyewe akiwa mtoto, nyuma yake mkewe Frida Kahlo. Humo humo alimchora pia Ignacio Ramírez, mwanafikra wa karne ya 19, ameshika karatasi yenye maneno ya kukana kuwapo kwa Mungu, na hapo fitina ikazuka. Askofu Mkuu Luis María Martínez alikataa kuibariki hoteli. Vijana wakaingia kwa nguvu wakayakwangua maneno yale. Rivera akarudi akayaandika upya. Na wenye hoteli, wakihofia biashara yao, wakaifunika picha nzima, ikakaa gizani miaka kadhaa. Yeye aliapa kuwa hataifuta hata herufi moja. Mwaka 1956, akiwa mzee mgonjwa, alipanda kwa hiari yake akayafuta, akaweka mahali pake kumbukumbu ya mkutano wa mwaka 1836 ambamo Ramírez aliyatamka, na siku chache baadaye pazia likaondolewa. Tetemeko la Septemba 1985 liliiharibu vibaya hoteli lakini ukuta ukasalimika, ukahamishwa na kujengewa makumbusho yake karibu na bustani ya Alameda.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mvutano na Halloween, ambayo mapadri na wasomi waliiona kuwa uvamizi wa jirani wa kaskazini, ilhali watoto walitembea na maboga ya plastiki wakiomba peremende kwa jina la bupuru. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza Siku ya Wafu kuwa turathi ya wanadamu. Mwaka 2013 kampuni ya Disney ilitaka kulisajili jina la sikukuu kuwa alama yake ya biashara, ikapigiwa kelele hata ikarudi nyuma.

Mimi siwalaumu wanaoandamana, maana kukopa si aibu. Kinachoniuma ni kwamba katika nchi inayojifakhiri kuwa haiwasahau wafu wake, mtu aliyewapa sura ambayo dunia nzima huijua hana kaburi la kupambwa maua. Naona ni haki kwamba maandamano ya mwaka huu wa kumi, kabla ya kuishika njia ya Reforma, yapite kwanza Dolores, na jina la José Guadalupe Posada lisomwe huko kwa sauti.