Manyunyu ya Maporomoko: Chura wa Kihansi na Historia ya Makazi Yake, 1996–2012

Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti wa mazingira waliokuwa wakichunguza korongo la mto huo katika mteremko wa Milima ya Udzungwa walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, ambaye sayansi haikuwa imepata kumwandika. Mwaka 1999 alipewa jina la Nectophrynoides asperginis. Neno la pili latokana na Kilatini, lenye maana ya manyunyu. Mwaka uliofuata mitambo ikawashwa. Kwa hiyo, historia yake inayojulikana ilianza wakati makazi yake yakikaribia kubadilishwa.

Makazi hayo yalikuwa finyu mno: takriban hekta 2 tu, kando ya maporomoko, ambako maji yaliyojipiga miambani yalirusha manyunyu usiku na mchana, kiangazi na masika. Nyasi na kuvumwani havikukauka, wala joto halikupanda na kushuka sana. Chura huyu hakuhitaji dimbwi. Jike huzaa watoto waliokamilika, wasiopitia hatua ya viluwiluwi majini, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana kabla ya kuzaliwa. Ni rahisi kudai kwamba uzazi huo ulisababishwa na maporomoko yenyewe, kwa kuwa mayai yangesombwa na mkondo. Dai hilo halisimami vizuri, kwani jamaa zake wa jenasi hiyohiyo, waishio katika misitu mingine ya Tao la Mashariki mbali na maporomoko, nao huzaa. Yaelekea sifa hiyo ilirithiwa, kisha ikamfaa Kihansi. Kilichokuwa cha Kihansi hasa ni kuutegemea unyevu usiokatika.

Utegemezi huo ulikuja kupimwa na mahitaji ya taifa. Nchi ilikuwa imeonja mgao mkali wa umeme katika miaka ya 1990, na megawati 180 hazikuwa jambo la kubeza. Lakini maji yalipoelekezwa kwenye mitambo kupitia handaki, mtiririko wa korongoni ulipungua kwa karibu asilimia 90. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Kwa muda mbinu hiyo ilifaulu: katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kufikia takriban 20,000. Miezi michache baadaye idadi iliporomoka, na Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 spishi hii ilitangazwa kuwa imetoweka porini.

Chanzo cha anguko hilo kimezua mjadala. Wapo wanaotaja ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, uliothibitishwa katika vyura waliokufa. Wengine hutaja tope na mabaki ya viuatilifu yaliyoshuka bwawa lilipofunguliwa ili kusafishwa mwaka huohuo. Mara nyingi mjadala huendeshwa kana kwamba kuthibitisha kuvu ni kuliondolea bwawa lawama. Mtazamo huo una kasoro ya kihistoria. Mabomba yalirudisha unyevu, lakini hayakurudisha upepo wa maporomoko wala nguvu ya maji iliyokuwa ikiliosha korongo. Tena, kwa spishi yenye hekta 2 pekee, hapakuwa na kundi la pili mahali pengine la kuziba pengo, iwe kilichoua ni kuvu au sumu.

Hata Marekani vyura walipungua hadi chini ya 100 kabla ya walezi kumudu kuwapatia mwanga, chakula na manyunyu yaliyowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi ya vyura waliozaliwa kifungoni wakaachiliwa Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba.