Ziwa Chala

Ziwa Chala (pia Challa) ni ziwa la kreta lililo chini ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, likikatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Upande wa Tanzania liko Wilaya ya Rombo; upande wa Kenya liko Taveta. Eneo lake ni kilometa za mraba 4 hivi na kina chake hupita mita 90. Kuta za kreta ni kali kiasi kwamba mgeni halioni ziwa mpaka afike ukingoni.

Hakuna mto wa kudumu unaoliingia wala kutoka juu ya ardhi; hulishwa hasa na maji ya chini kwa chini, yatokanayo na mvua ya misitu ya Kilimanjaro. Perege wa spishi *Oreochromis hunteri* asili yake ni humu tu. Tope la sakafuni, lililotulia kwa tabaka, ni kumbukumbu adimu ya tabianchi ya Afrika Mashariki. Wanasayansi walilichoronga mwaka 2016.

Wachaga wa Rombo waliishi juu, kwenye vihamba vya migomba, wakitumia nyanda kame za chini kwa mazao ya msimu. Ardhi ilipobana katika karne ya 20, familia nyingi zilishuka kuhamia huko. Wataveta walikaa msituni kando ya Mto Lumi. Mmisionari Charles New alifika ziwani mwaka 1871. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalipitisha mpaka kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga.