Kuondoa mikwaruzo ya duara kwenye rangi ya gari

Mikwaruzo ya duara ni michoro myembamba kama utando wa buibui, inayojitokeza juu ya rangi ya gari jua linapoipiga au taa ya barabarani inapoimulika usiku. Kuiondoa kwa mkono ni kusugua rangi kwa dawa yenye chembe laini za kukwangua, gari likishaoshwa na kabla halijapakwa nta.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Mikwaruzo hii huelekea kila upande, na mingi imenyooka. Ila ile iliyoukingama mwanga ndiyo inayoumulika kwenye jicho, ndiyo maana mtazamaji huona duara limeizunguka taswira ya jua. Akisogea hatua mbili, duara nalo husogea. Gari jeusi huianika yote, jeupe huificha.

Magari mengi ya Dar es Salaam huingia nchini yakiwa yametumika Japani, na rangi yake ni ya kiwandani: praima chini, rangi katikati, na juu yake klia, tabaka lisilo na rangi lililoenea tangu miaka ya 1980. Klia hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50. Karatasi ya ofisini ina mikroni 100 hivi. Mikwaruzo ya duara huishia ndani ya klia, na dawa huiondoa kwa kuishusha klia ya pembeni mpaka kingo za mkwaruzo zilainike. Kila msuguo, basi, hupunguza akiba isiyorudi.

Anayechora mara nyingi ni yule yule anayeosha. Mitaa ya ndani ya Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, au Bunju na Wazo upande wa Kinondoni, haijafikiwa yote na lami: kiangazi vumbi, na masika, kati ya Machi na Mei, tope. Mchanga una chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, magumu kupita klia yoyote. Dereva anayefuta vumbi kavu asubuhi kwa tambara lililolala chini ya kiti tayari ameshachora. Ndoo moja na dodoki moja vikizungushwa kwenye magari matano mfululizo, mchanga wa la kwanza humalizia safari yake kwenye boneti la tano. Maji ya kisima yenye chumvi nayo, yakikaukia juani, huacha madoa meupe ambayo mtu hushawishika kuyasugua kwa nguvu.

Kazi hufanyika kivulini, bodi ikiwa imepoa. Gari huoshwa kwa shampuu ya magari na ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji. Likikauka, kiganja hupitishwa juu ya rangi. Kikihisi ukakasi, uchafu ulioganda hutolewa kwanza kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi. Kisha hufuata jaribio la ukucha: mkwaruzo unaounasa ukucha ni wa kina, na haufai kufukuzwa kwa mkono.

Dawa hafifu kuliko zote hujaribiwa mwanzo, mahali padogo. Matone machache huwekwa kwenye sponji, na eneo la sentimita 40 kwa 40 husuguliwa kwa mistari iliyonyooka inayopandana, kisha kwa mistari inayoikata ile ya kwanza, mpaka dawa ibaki kama ukungu mwepesi. Hufutwa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, halafu kwa maji yaliyochanganywa na spiriti, kwa sababu mafuta ya dawa huweza kuficha mikwaruzo ambayo bado ipo. Tochi ya simu hutosha kukagua.

Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hapo hakuna klia. Baadhi ya Toyota nyeupe hupakwa hivyo kiwandani. Klia iliyokwisha kubanduka kwa jua haiponi kwa kusugua, hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Mkono ni wa polepole kuliko mashine na huacha baadhi ya mikwaruzo bila kuiondoa, lakini si rahisi kutoboa klia kwenye kingo za milango, ambako ni nyembamba zaidi.

Nta huja mwisho kwa sababu haiondoi kitu: hujaza na kufunika. Karnauba, nta ya majani ya Copernicia prunifera, mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, ikipakwa juu ya mikwaruzo huleta mng'ao, na michoro hurudi inapoisha. Dalili ya kuisha ni maji kutandaa juu ya boneti badala ya kujikusanya kama shanga. Hapo gari huoshwa na kupakwa nta upya. Dawa ya kusugua haihitajiki, ikiwa ndoo ya pili haikusahaulika.