Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Kutoka Mlimani Hadi Tandika

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana ambao mngali mkikalia madawati yale yale tuliyoyakalia sisi, mhariri ameniomba niandike habari za kompyuta, nadhani akitaraji kwamba nitaeleza namna ya kuitumia. Hilo vijana mnalijua kunipita. Mimi nitaeleza historia, yaani jinsi ilivyotokea hata watu wa Kinondoni na Temeke wakaanza kuweka Windows na Linux, mifumo miwili isiyopendana, ndani ya kompyuta moja, na jinsi jambo hilo lilivyokaribia kumvunjia heshima shangazi yangu.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi, mwaka 1974, Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na televisheni pia, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa chache na mitambo yenyewe ilikuwa imeleta hasara na vurugu katika hesabu. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Hivyo sisi tuliosoma hapa wakati huo tulimaliza kidato cha sita bila kuigusa kompyuta hata kwa kidole. Tuliiona katika picha za magazeti, na wengine tuliambiwa itaitwa ngamizi, jina ambalo wananchi walilikataa kimya kimya, pengine kwa sababu lilisikika kama kitu kinachoangamiza. Wenzetu wa Kenya wakachukua tarakilishi. Sisi tukabaki na kompyuta.

Zilipoanza kuingia kwa wingi, katika miaka ya 1990 na hasa baada ya 2000, zilikuja mitumba kutoka Ulaya na Uarabuni, na karibu zote zilikuwa na Windows. Fundi wa Kariakoo au wa Mwenge ukimpelekea kompyuta iliyolemaa hakukuuliza maswali, alisema tu, "Hii tuipige window." Windows yenyewe ilikuwa ya kunakiliwa, haikulipiwa na mtu. Sisemi hili kwa kumlaumu fundi, maana mteja naye asingeweza kulipa.

Linux ilizaliwa kwingine kabisa. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, na akasema ni kwa kujifurahisha tu. Vijana na wazingatie hapa: tangu siku ya kwanza Linux ilikuwa mpangaji wa pili. Kompyuta ya Torvalds ilikuwa tayari na mfumo mwingine uitwao Minix, naye aliutengenezea Linux chumba pembeni. Siku moja alikusudia kupiga simu kwa modemu, kumbe anaiandikia diski yake mwenyewe, akaiharibu sehemu ya Minix. Basi hata mwanzilishi alimwaga maji ya mwenzake.

Sasa, mifumo miwili hukaaje pamoja? Chukueni mfano wa nyumba zetu za Temeke, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Diski hugawanywa vyumba, kila mfumo na chake. Kwa kompyuta za zamani, mlangoni pa nyumba palikuwa na kibaraza kidogo mno cha baiti 512: baiti 446 za maagizo ya kuwashia, baiti 64 za orodha ya vyumba, ambavyo havikuweza kuzidi vinne vikuu, na baiti 2 za alama ya kuthibitisha. Kompyuta ikiwashwa ilisoma kibaraza hicho kwanza. Linux ilimweka bawabu pale, kwanza LILO, baadaye GRUB, naye alimwuliza mwenye nyumba, "Leo unaingia kwa nani?" Windows haikuwa na adabu hiyo. Ukiiweka baada ya Linux ilimfukuza bawabu bila hodi, ikajifanya yumo peke yake. Ndiyo maana kanuni ya mafundi ikawa Windows kwanza, Linux baadaye, na aliyekosea mpangilio alikesha.

Habari ya Linux ilifika Dar es Salaam kwa njia ya Chuo Kikuu cha Mlimani, ambacho siku hizo kilihesabiwa ndani ya Kinondoni. Mwaka 2004 idara ya kompyuta pale, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, ilikuwa katika mradi ulioitwa Kilinux, wenye lengo la kuzifanya programu huria ziseme Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, menyu zake zote kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilikuwa imekwisha kutangaza nia ya kutoa Kiswahili chake, na haukupita muda mrefu ikakitoa. Ushindani huo uliinufaisha lugha yetu kuliko semina nyingi nilizowahi kuhudhuria.

Jambo moja katika mradi ule halisemwi vya kutosha. Jambo OpenOffice ilifanya kazi katika Linux na katika Windows vilevile. Mtu wa Sinza au Mbagala aliyeogopa kuigawa diski yake aliweza kuionja bila kuhama. Wengi hawakuendelea zaidi ya hapo. Wachache wetu tulivuka.

Kuvuka kwenyewe kulihitaji sidii. Kwa simu ya waya, kupakua sidii moja ya megabaiti 700 kungechukua zaidi ya siku nzima mchana na usiku, kama laini isingekatika, nayo ilikatika. Mkonga wa SEACOM ulifika Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita angani kwa setilaiti kwa bei ya kutisha. Ukombozi ulitoka kwa mtu wa bara letu, Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mfumo wake wa Ubuntu ulianza Oktoba 2004. Hadi mwaka 2011 ulikuwa ukiandika anwani yako, nao wakikuletea sidii kwa posta bila malipo hata ya stempu. Nilizipokea katika sanduku la posta la ofisi, na karani akaniuliza kama nimeokoka, maana vitu vya bure kutoka ng'ambo alivyovizoea ni vijitabu vya dini.

Sidii mojawapo, toleo la 6.06 la Juni 2006, ndiyo niliyoipeleka Tandika kwa shangazi.

Shangazi alikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wao. Orodha ya michango aliihamisha kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta ya mtumba yenye diski ya gigabaiti 40, na fahari yake ilikuwa kubwa. Lakini vijana walichomeka flashi zao humo, na virusi vikajaa. Nilimwambia, "Shangazi, nitakuwekea Linux pembeni. Windows itabaki pale pale, wala hutapoteza kitu." Maneno hayo ningali nayakumbuka. Akauliza, "Una hakika, baba?" Nikasema ninayo.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, mabwawa yamekauka. Siku ile ratiba ilionyesha umeme upo hadi jioni. Nikachomeka sidii, nikaamuru chumba cha Windows kipunguzwe ili Linux ipate nafasi. Kazi hiyo huhamisha mafaili kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine, na haitakiwi kukatizwa. Saa nane na robo mchana feni ikasimama. Hatukuwa na betri ya akiba, na nakala sikuwa nimechukua.

Umeme uliporudi, Windows haikuwaka na Linux ilikuwa bado haijaingia. Wiki ile ile mwanachama mmoja alifiwa. Katiba ya chama ilisema anayedaiwa michango hapewi rambirambi kamili, na kamati ikamtaka katibu alete orodha. Shangazi akaeleza yaliyotokea. Wazee wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya upole iliyouma kuliko tusi, kwamba kompyuta ni kichaka kizuri cha kuficha fedha.

Niliifungua diski ile nikaipeleka kwa rafiki yangu Kijitonyama, ambako zamu ya umeme ilikuwa tofauti. Sidii ile ile iliweza kuwasha kompyuta bila kuigusa diski, na kutoka upande wa Linux tukaanza kuokota mafaili ya Windows yaliyotawanyika. Kwa usiku tatu tulipata picha za harusi, nyimbo za taarab, na mwishowe orodha, lakini ilikuwa nakala ya zamani iliyoishia Machi. Miezi iliyobaki shangazi aliijaza kwa vishina vya risiti, akienda nyumba kwa nyumba, Tandika hadi Mtoni, akiwaomba watu waonyeshe vipande vyao. Hesabu ilikubaliana na fedha zilizokuwa benki. Mfiwa alipewa haki yake kamili, ingawa alichelewa. Yule mzee hakuomba radhi, na shangazi hakumdai.

Baadaye niliziweka zote mbili, safari hii nakala ikiwa imekwisha kuchukuliwa. Likazuka jambo dogo. Linux huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni ya kimataifa, na Windows huidhani ni ya hapa nyumbani. Kwetu tofauti ni saa 3. Basi shangazi akitoka Linux kuingia Windows, risiti za saa mbili asubuhi zilitoka zimeandikwa saa kumi na moja alfajiri, na majirani wakamtania kwamba anakusanya michango kabla ya adhana. Dawa yake ni agizo moja la kuiambia Linux iifuate saa ya nyumbani.

Kwa vijana, niongeze haya kwa haraka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kibaraza kile cha baiti 512 kimeachwa. Utaratibu mpya uitwao UEFI huruhusu vyumba vingi, na kila mfumo huweka bawabu wake bila kumfukuza mwingine, ijapokuwa Windows hupenda kujitanguliza. Izimeni ile kuwaka haraka ya Windows, kwani huiacha diski nusu usingizini, na Linux ikiandika juu yake mtalia. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andikeni ufunguo wake karatasini kabla ya kugusa chochote. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hiyo najua wengi wenu mtajaribu.

Shangazi amekwisha kukabidhi ukatibu kwa binti wa jirani, mwenye kompyuta ya mapajani yenye Ubuntu peke yake. Siku ya makabidhiano nilikuwapo. Alimpa flashi yenye orodha, akampa vishina vyote vya risiti tangu 2006 vilivyofungwa kwa mpira, kisha akatoa chini ya kitanda daftari kubwa la jalada jeusi, limeandikwa kwa kalamu hadi mchango wa mwezi ule. Kumbe hakuwahi kuacha tena kuliandika.